Mishono Sita kwa Sekunde

Mwalimu Kupi alichora nyoka ubaoni,
akampachika herufi tatu, akafuta chaki kwa suruali,
akasema: frikwensi ni idadi ya mawimbi
yanayopita mahali pamoja kwa sekunde moja. Nakilini.
Tukanakili. Mimi nusura ninakili na kikohozi chake.

Nikauliza: wimbi kubwa ndilo lenye frikwensi kubwa?
Darasa likacheka. Kengele ikalia.
Nikatoka na swali langu bichi
nikapita nalo Langoni, nikabanwa na punda wa mchanga
kwenye kichochoro cha mtu mmoja,
hadi kwa shangazi.

Shangazi Mwanatime hasikii.
Hakuzaliwa hivyo; homa ilimkuta na miaka minne,
ikaondoka na sauti zote, na ya jina lake pia.
Wanaoleta nguo humpigia ukelele mlangoni,
"Ndoo! Mwanatime, ndoo!", mishipa imewasimama shingoni,
kana kwamba uziwi ni mlango na dawa yake bega.
Yeye huinua uso kivuli chao kikishaangukia kitambaa.

Siku hiyo alikuwa anadarizi kola ya kanzu ya arusi.
Alishashusha meno ya cherehani,
kwa hiyo kitambaa hakivutwi na mashine,
hukivuta mwenyewe, kwa vidole.
Nikamfungulia daftari. Akamtazama yule nyoka,
akachana kipande cha marekani, akakiweka chini ya sindano.

Kwanza mguu polepole:
mishono mirefu, hatua za mtu asiyedaiwa.
Kisha mguu ukachangamka, na mkono, mwendo wake ule ule:
mishono ikabanana, midogo, punje za mchele.
Akanikazia macho. Je?

Nikavua saa. Sindano ilishuka mara sitini
kwa sekunde kumi. Sita, basi.
Nikaweka rula: tundu hadi tundu, milimita tatu.
Sita mara tatu, kumi na nane,
na huo ndio mwendo wa marekani chini ya kidole chake
kila sekunde moja.
Zile herufi tatu za Mwalimu Kupi
zikavuta viti, zikakaa.

Lakini wimbi kubwa?
Nilitanua mikono kumwonyesha ukubwa, nikaangusha bobini.
Akanishika kiganja, akakilaza juu ya meza.
Akakanyaga mbio: meza ikaninong'oneza,
nyepesi, nyingi, kama chungu wanaopita chini ya ngozi.
Akaacha. Akakunja ngumi.
Du.
Mkasi uliruka.
Akangoja, ananitazama tu.
Du.

Kumbe. Kimo ni kimo, na mara ngapi ni mara ngapi.
Nikawafikiria wale wa mlangoni:
miaka yote wanamwongezea kimo,
kimo juu ya kimo,
na hakuna aliyewahi kuweka mkono mezani.

Nikamwandikia neno lenyewe kwa chaki ya fundi
juu ya kitambaa cheusi cha buibui: FRIKWENSI.
Akahesabu herufi kwa ncha ya kidole, tisa,
akakunja pua. Refu mno kwa kitu kifupi hivi.
Lake yeye: vidole viwili juu ya kifundo cha mkono,
pale damu inapobisha. Basi.
Ndivyo tunavyoliita nyumbani siku hizi.

Juzi adhuhuri, jua limejaa uani, taa hazina kazi,
alisimama ghafla, akaenda kubandika kiganja kwenye friji,
akanitikisia kichwa: umeme umekwenda.
Mimi mwenye masikio mawili sikuwa na habari.
Uliporudi alijua yeye kwanza.
Nikamwonyesha kibandiko nyuma ya friji,
nikamfumbia na kumfumbulia vidole mara kumi:
hamsini, shangazi, mkondo huyumba mara hamsini
kwa kila sekunde.

Akautazama mguu wake wa kulia.
Sita.
Akalipiga lile friji kofi dogo ubavuni,
jinsi fundi anavyomsalimu fundi,
akarudi kwenye kola ya watu.